KAMERA NDOGO YA KILA SIKU: IPI IBAKI MFUKONI?

Wako watu wengi siku hizi wenye kamera ndogo mbili, tatu au hata nne nyumbani mwao, na bado siku jambo la maana linapotokea mbele ya macho yao hawana hata moja. Ya kwanza imefungiwa kabatini kwa sababu ni ya thamani, na mwenyewe aogopa isije ikaibiwa. Ya pili haina betri. Ya tatu ina mkanda wa filamu uliomo tangu Krismasi, na hakuna akumbukaye zimebaki picha ngapi. Ng'ombe azaa pacha, mgeni aliyepotea miaka kumi apita njiani, babu aketi chini ya mwembe akicheka na kitukuu wake wa kwanza, na kamera zote zimelala. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshika tatu, zikamponyoka zote.

Mtu wa namna hii yampasa achague moja ya kukaa naye kila siku, na nyingine aziuze au awape wenye haja nazo. Shauri hili si dogo kama lionekanavyo. Kamera za filamu zilizotengenezwa miaka arobaini au hamsini iliyopita zimepanda bei tena, kwa kuwa vijana wa miji mingi ya dunia wamezirudia; mikanda ya filamu nayo ni ghali, na mafundi wazijuao kamera hizo wanazidi kupungua. Atakayebakiza isiyomfaa atakuwa ametoa fedha nyingi kwa pambo la kabati. Tena iko hasara isiyohesabiwa kwa shilingi: picha ya mzee ambayo haikupigwa mwaka huu huenda isiwezekane kupigwa mwaka ujao.

Watakuwapo watakaouliza kwa nini mtu ahangaike na kamera hali simu anayo mkononi. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilipeleka sokoni kamera ndogo za kidijitali zaidi ya milioni 100. Ilipofika mwaka 2020 hazikutimia hata milioni 4. Simu ndiyo iliyozila. Kwa karani atakaye nakala ya barua, au mkulima atakaye kumwonyesha afisa wa kilimo jani la mhindi lenye ugonjwa, simu yatosha kabisa, na kumshauri anunue kamera ni kumpotezea fedha zake.

Walakini simu ina mambo mengi kifuani mwake. Mtu aitoa ili apige picha, akuta ujumbe, ausoma, aujibu, na ndege amekwisha ruka. Jua la mchana likiwaka, kioo chake hakionekani sawasawa. Betri ikiisha, picha zimekwama pamoja na nambari za jamaa na fedha za nauli. Ikiibiwa na hapana nakala mahali pengine, picha za miaka mitano huondoka siku moja. Kamera ina kazi moja tu, na mwenye kuishika huwa amekwisha amua kutazama.

Kamera ya kutia mfukoni si jambo la jana. Mwaka 1912 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya kukunjwa iliyoweza kuingia katika mfuko wa kizibao, na askari wengi walikwenda nayo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kisha Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ambaye alisumbuliwa na pumu hata kubeba masanduku ya kamera za siku zile kukamchosha, akatengeneza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema. Ilitokea sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Kipimo cha picha yake, milimita 24 kwa 36, ndicho kinachotumika hata leo. Na hapa petu Afrika Mashariki, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia nzima, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha tumika, kamera ambayo ni kisanduku tu chenye tundu na kitufe. Basi asidharau mtu kitu chepesi.

Ichukuliwe sasa kwamba kamera nne ziko mezani, zote za aina zijulikanazo, na mwenyewe ataka abakize moja.

Inayovuta jicho kwanza ni Rollei 35. Aliyeibuni ni Mjerumani Heinz Waaske, nayo ilionyeshwa kwa watu mjini Köln mwaka 1966 katika maonyesho ya Photokina. Upana wake ni milimita 97, kimo 60 na unene 32. Karibu sawa na pakiti ya sigara, na bado hutoa picha za ukubwa kamili wa ile Leica. Ni ya chuma, imefanywa kama saa nzuri, na mwenye nayo hupenda kuishika hata kama hana picha ya kupiga. Uzito wake wapata gramu 370. Katika mfuko wa koti haina taabu. Katika mfuko wa shati huivuta kola upande mmoja kama jiwe.

Lakini itazamwe kazini. Kwanza lensi huvutwa nje na kuzungushwa hata ikaze. Kisha umbali hukadiriwa kwa jicho na kuandikwa kwenye pete ya lensi, kwa maana kamera hii haina chombo cha kupima umbali. Kisha mwanga hupimwa kwa sindano mbili zilizo juu ya kamera, na magurudumu mawili yaliyo mbele huzungushwa hata sindano zikutane. Filamu husogezwa kwa mkono wa kushoto, kinyume cha kamera nyingi. Baada ya hayo yote ndipo kitufe kibonyezwe. Wakati wa kuifunga, lensi haikubali kurudi ndani mpaka filamu iwe imesogezwa kwanza. Asiyejua hilo huilazimisha, na wengi wameivunja hivyo. Betri yake ya asili ilikuwa na zebaki, na betri hizo haziuzwi tena kwa ajili ya sumu yake. Betri za badala zina nguvu tofauti, hivyo kipimo cha mwanga huweza kudanganya. Jambo jema ni kwamba bila betri yoyote kamera bado hupiga. Kinachokufa ni kipimo tu.

Mtu mwenye subira, aliyejifunza kusoma mwanga kwa macho, ataipenda Rollei mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu mwenye mtoto mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili hatapata picha hata moja.

Ya pili mezani ni Olympus Trip 35, iliyotoka Japani mwaka 1967 na kuuzwa kwa mamilioni. Hii ndiyo kamera ya mtu aishiye mbali na duka. Haina betri hata kidogo. Kuzunguka lensi yake kuna duara la vioo vidogo vidogo, na chini yake madini ya selenium ambayo hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme kidogo, wa kutosha kuamua ukubwa wa tundu na mwendo wa kufunguka kwake. Mwenye kamera huchagua umbali kwa vijipicha vinne vilivyochorwa kwenye pete: mtu mmoja, watu wawili, kikundi cha watu, na mlima. Hata mtoto wa shule huelewa kwa dakika tano. Mwanga ukiwa haba, kibendera chekundu huinuka ndani ya tundu la kutazamia na kitufe hukataa kwenda. Hupotezi filamu gizani.

Hapo hapo ndipo udhaifu wake. Jioni, ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, chini ya miti ya kahawa siku ya mawingu, kibendera chekundu hutokea mara kwa mara, na saa hizo ndizo watu wanapokaa pamoja. Filamu ya kasi ya 400 husaidia, nayo ndiyo kikomo chake. Uzito wapata gramu 400, na lensi imetokeza mbele, hivyo haiingii mfuko wa shati wala wa suruali. Anayetaka kununua ya zamani aijaribu hivi: aiweke kwenye alama ya A, afunike lensi kwa kiganja na kubonyeza, kibendera sharti kiinuke. Kisha aielekeze penye jua. Sharti ikubali kupiga. Ikishindwa mojawapo, airudishe kwa mwenyewe, kwa kuwa selenium iliyochoka haitiwi nguvu tena.

Ya tatu ni Olympus XA ya mwaka 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, yule yule aliyebuni kamera ya Pen ya mwaka 1959 ambayo ilitoa picha 72 katika mkanda wa 36. Maitani hakutaka mfuko wa ngozi wala kifuniko cha kupotea. Alitia kifuniko cha kuteleza mbele ya kamera: ukikivuta, lensi inaonekana na kamera iko tayari, ukikirudisha, kila kitu kimefungwa, na kitufe hakiwezi kujibonyeza mfukoni. Gramu kama 225 tu. Ndani ya tundu la kutazamia pana doa dogo la kupimia umbali: sanamu mbili zikilingana, umbali ni sawa. Kijimkono cha kugeuza umbali kiko chini ya lensi, mahali kidole hufika chenyewe bila kutafuta.

Kizuri hakikosi ila. Doa lile hufifia kwa uzee, hata likawa halionekani kivulini. Betri zake ni mbili ndogo, za aina itumikayo katika mashine za hesabu, na huuzwa kwa mafundi wa saa. Lakini zikiisha kamera haipigi kabisa, hivyo jozi ya akiba na ikae kwenye mkoba siku zote. Kitufe chake chekundu kikichakaa huchelewa kujibu. Pembe za picha huingia weusi kidogo lensi ikifunguliwa yote. Kwa picha ya watu wa nyumbani hilo si kosa la kumtoa mtu usingizini.

Huenda msomaji akauliza habari za ndugu yake mdogo, Olympus mju-II ya mwaka 1997, ambayo watu wengi huisifu. Ni nyepesi kupita hizi zote, gramu 135 bila betri, hustahimili matone ya mvua, na hupima umbali yenyewe. Ila kila inapofunguliwa taa yake hurudi katika hali ya kuwaka ipendavyo. Mwenyewe akisahau kuizima, humulika kanisani, kilioni, na usoni pa mtoto aliyelala. Nayo ni mashine ya umeme mtupu; ikifa, fundi wa kawaida hana la kuifanyia. Bei inayotakwa siku hizi kwa kitu cha namna hiyo haina kiasi.

Ya nne ni ya kidijitali, Ricoh GR III ya mwaka 2019, yenye uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi. Kwa mtu asiye na mahali karibu pa kusafisha filamu, hii huondoa gharama na safari kwa pamoja. Ina jambo moja la akili ambalo kamera nyingi kubwa hazina: umbali huweza kuwekwa mapema, tuseme mita 2 na nusu, na kitufe kikibonyezwa moja kwa moja hupiga papo hapo bila kutafuta. Mpiga picha wa Japani Daido Moriyama, ambaye ametembea mitaa ya Tokyo kwa miaka mingi, ametumia kamera za ukoo huu tangu zilipokuwa za filamu. Lakini haina tundu la kutazamia wala taa. Betri yake hutoa picha 200 hivi, kisha hulala. Na adui yake ni vumbi: likiingia kwa njia ya lensi hukaa ndani, na kila picha ya mbingu huonekana madoa. Mwenye kupita barabara za murram wakati wa kiangazi aitie kwanza katika kifuko cha kitambaa kisafi, kisha ndipo mfukoni.

Je, ni ipi basi? Kwa kusoma tu hapana atakayejua, wala sifa za muuzaji si ushahidi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Njia iliyo bora ni ya daftari, na makarani hawana sababu ya kuiona ngeni. Kila kamera ipewe mwezi wake. Kila jioni mwenyewe aandike maneno matatu: kama siku hiyo aliibeba au aliiacha, kama lilitokea jambo akashindwa kulipiga, na kwa nini alishindwa. Filamu zikisha safishwa, ahesabu picha ambazo angependa kuwaonyesha jamaa zake, si zile zilizotoka safi tu. Mali bila daftari huisha bila habari, na kumbukumbu ya mtu kuhusu kamera aipendayo ni ya upendeleo mno. Wengi watashangaa kuona kwamba ile nzuri kupita zote iliachwa nyumbani siku ishirini katika thelathini.

Katika majaribio hayo uangaliwe zaidi mkono mmoja. Maisha ya kila siku yana mzigo: jembe, kikapu, mtoto, chuma cha kushikilia ndani ya matatu. Kamera ambayo haitoki mfukoni, haifunguki na haipigi kwa mkono mmoja itapitwa na nusu ya mambo yote. Kwa kipimo hicho XA na GR hupita, Trip hupita kwa taabu, na Rollei huanguka. Kwa mtu wa filamu, basi, XA ndiyo ya kubaki. Kwa mtu aliye mbali na duka la kusafisha picha, GR. Na Trip imfae yule ambaye kazi yake yote ni juani na hataki habari ya betri. Rollei iuzwe, ingawa roho itauma, na iuzwe kwa mtu atakayeipa muda inaoutaka.

Kuna hila moja ya kale iwasaidiayo wenye kamera za kukadiria umbali. Kwa lensi ya milimita 40, umbali ukiwekwa mita 3 na tundu likiwa kwenye alama ya 8, kila kitu kuanzia mita 2 hivi mpaka mita 5 na zaidi kidogo hutoka wazi. Hapo hapana haja ya kupima tena. Ni kuinua na kubonyeza. Hata Rollei hupata wepesi kwa njia hiyo, na haki yake yastahili kutajwa.

Kamera ndogo haiwatishi watu kama ile kubwa, na kwa sababu hiyo mwenye nayo yampasa awe na adabu zaidi. Mzee asipigwe picha kabla ya kuamkiwa. Mama mwenye bidhaa sokoni aulizwe. Walio msibani waachwe mpaka jamaa wenyewe waombe. Na aliyeahidiwa nakala apelekewe nakala. Wapiga picha wengi wameharibiwa jina kijijini kwa ahadi hiyo moja.

Juu ya utunzaji, adui wa pwani na adui wa bara ni mbali mbali. Mombasa na Lamu ni unyevu: kamera ikifungiwa katika mfuko wa ngozi miezi mingi, ukungu huota juu ya lensi kama nyuzi za buibui, na ukikomaa hula hata kioo. Na ikae mahali pakavu penye hewa. Bara ni vumbi, na kila mahali ni joto la gari lililofungwa juani, ambalo huharibu filamu na betri pia. Jasho la mfuko wa shati nalo lisisahauliwe.

Zile zitakazouzwa zitolewe betri, maana betri ikivuja hula vyuma vya ndani. Zifunguliwe gizani kuhakikisha hamna filamu iliyosahauliwa. Kadi ya picha iondolewe katika ile ya kidijitali, na mnunuzi aambiwe kila ila iliyomo kabla ya kutoa fedha. Ile iliyobaki haina haja ya kurudi kabatini tena. Mahali pake ni karibu na mlango, pamoja na funguo na kitambulisho, filamu ikiwa ndani na umbali umekwisha wekwa mita 3.